Filta ya bluu imenipa Mshtarii ya pinki. Nimetupa pesa?

HeroeKiamunyi
Jumatatu 12 Januari 2026, saa 4:10 usiku

Wadau, salamu kutoka Nakuru. Naomba msaada kabla sijagombana bure na mtu aliyeniuzia.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, shule ya wasichana. Nina darubini ya kioo, kipenyo milimita 150, fokasi milimita 1200, ile inayokaa kwenye sanduku la mbao na kusukumwa kwa mkono. Mwaka jana nilijinyima nikanunua kamera ya sayari, ya rangi, pikseli za maikromita 2.9. Naiunga kwa laptopu ya shule (msiniulize kama mkuu anajua) na katikati naweka lenzi ya Barlow, inayokuza picha mara mbili. Kituo changu cha anga ni uani, nyuma ya nyumba, kati ya kamba ya nguo na tangi la maji. Mshtarii ikiingia kwenye fremu inavuka kwa kama nusu dakika, imetoka. Nasukuma sanduku, inaingia tena, inatoka tena, hivyo hivyo mpaka kiuno kinalia.

Picha zangu bila filta si mbaya. Mikanda miwili mikubwa ipo, miezi minne ipo. Ila rangi zimepooza kama chai iliyotiwa maziwa kupita kiasi, na Doa Jekundu Kuu, ile dhoruba kubwa ya Mshtarii, ni la kuambiwa: ukionyeshwa kwa kidole utakubali, ukiachwa peke yako hulioni. Nikasoma mahali kwamba filta ya bluu hulitoa hilo Doa, na nyekundu hutuliza hewa. Desemba binamu yangu akawa anarudi nyumbani kutoka ng'ambo, nikamwagiza seti: njano nambari 12, nyekundu 25, kijani 58, bluu 38A. Shilingi elfu nne na mia tano, pamoja na kisanduku chake kizuri cha plastiki.

Ijumaa usiku anga lilikuwa safi hadi ukingo wa Menengai. Nikasubiri Mshtarii ifike kileleni, kama saa saba kasorobo hivi. Nikafunga bluu. Kwenye skrini sayari ikatoka pinki! Pinki ya zambarau, kama boganvilia ya jirani. Nikadhani nimevuruga mpangilio wa rangi. Nikazima, nikawasha, pinki ile ile. Na Doa halikuongezeka hata chembe.

Nikafunga nyekundu. Giza. Eksposha (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ilikuwa milisekunde 10, ikabidi nipande hadi 40, fremu zikashuka kutoka karibu 100 kwa sekunde hadi 25, geini nikaipandisha juu, picha ikajaa chenga kama mchanga wa Njoro. Kijani ikanipa sayari ya kijani. Njano, ya njano. Basi.

Sasa, filta ni mbovu au mbovu ni mimi? Na kama mfuko unaruhusu filta moja tu, ni ipi? Lakini linaloninyima usingizi hasa ni hilo la bluu kutoka pinki. Klabu ya wasichana inakutana Alhamisi, watauliza, na "sijui" yangu ya wiki hii nimeshaitumia kwenye swali jingine.

FundiLanet
Jumatatu 12 Januari, saa 5:02 usiku

Pole jirani. Uza.

Hizo filta zilitengenezwa kwa ajili ya jicho. Kwa kamera ya rangi ni kuvaa kofia juu ya kofia. Mimi nilinunua seti kama hiyo 2021. Nyekundu sasa imefunika tochi yangu, nyingine sijui ziliko, nadhani watoto wanazo. Kama una pesa tafuta kamera ya monokromu, ya nyeusi-na-nyeupe. Kama huna, nunua filta moja ya kupitisha infraredi (mwanga uliopita wekundu, jicho haliuoni), ya nanomita 685 (urefu wa wimbi la mwanga), uachane na hizo za peremende.

StudioYaZamani
Jumanne 13 Januari, saa 12:40 asubuhi

Mwalimu, usiuze kitu. Na Fundi asikutishe, amesema nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ndiyo inayouzwa ghali.

Nilikuwa na studio ya picha hapa Kisumu tangu 1979 mpaka simu zilipotuua. Picha za pasipoti, harusi, na mabwana waliotaka kupigwa wakiwa wameshika simu ya mezani ambayo haikuunganishwa popote. Miaka ya mwanzo ilikuwa filamu nyeusi-na-nyeupe, na hizo nambari zako 12, 25 na 58 nilizijua kabla sijalijua boma la wakwe zangu. Ni nambari za Wratten, Mwingereza aliyekuwa na kiwanda cha sahani za kupigia picha, zile za kioo, kule Croydon. Kodak walikinunua mwaka 1912 na jina likabaki kwenye filta hadi leo.

Kanuni yake nyepesi. Filta huing'arisha rangi iliyo sawa na yake, na huitia giza rangi iliyo kinyume chake. Chukua leso nyekundu yenye maua meupe uitazame kupitia hiyo 25. Maua yamepotea, maana leso nayo imekuwa nyeupe. Itazame kwa bluu: leso imekuwa nyeusi na maua yamesimama. Mshtarii ni leso hiyo. Mikanda ni kahawia, Doa ni rangi ya tofali, mawingu ya katikati ni meupe. Kwa mwanga wa bluu vyote vyenye wekundu huzama gizani, na Doa linasimama. Kwa mwanga mwekundu Doa linafifia mpaka unalitafuta. Kwa hiyo ulichosoma ni kweli, ila waliandika wakifikiria jicho.

Tuje kwenye pinki yako. Fanya hivi mchana, hauhitaji hata nyota. Toa kamera kwenye darubini, iwashe, shika filta ya bluu mbele yake, kisha chukua rimoti ya televisheni, ielekeze hapo na ubonyeze. Skrini itapepesa mwanga kana kwamba filta haipo. Taa ya rimoti hutoa infraredi, kwa kawaida karibu nanomita 940. Kioo cha bluu kilichotiwa rangi huuzuia wekundu tunaouona, lakini kikifika kwenye infraredi kinafungua mlango tena. Jicho halina habari, maana huko halioni. Kihisi cha kamera kinaona. Na zile pikseli zake nyekundu, kijani na bluu zote zinapitisha infraredi, nyekundu kuliko wenzake ukiwa nanomita 700 na kitu. Bluu ya kweli ukichanganya na wekundu wa kuibia, umepata boganvilia.

Usifanyie jaribio hilo kwenye simu, nyingi zina kioo kidogo cha kuzuia infraredi ndani. Kamera yako kwa dalili hizi haina.

Na hiyo infraredi ndiyo iliyopooza hata picha zako zisizo na filta. Inamwagika kwenye rangi zote tatu kwa pamoja. Ukimimina maji yale yale katika vikombe vitatu vya juisi tofauti, kila kikombe kinaanza kufanana na mwenzake. Kwa hiyo filta yako ya kwanza haina rangi kabisa. Ukiishika utadhani kioo cha dirisha. Inapitisha kutoka nanomita 400 hivi mpaka 700, inakata infraredi upande mmoja na urujuanimno upande wa pili. Kila mwenye kamera ya rangi isiyo na kinga angeanza na hiyo, ila wauzaji hawaipigii kelele kwa sababu haipendezi kwenye kisanduku.

Hapa sasa ndipo Fundi ana haki. Kamera ya rangi ina filta tayari. Kila pikseli imevaa yake: kati ya nne, mbili kijani, moja nyekundu, moja bluu. Ukifunga nyekundu 25 mbele, robo tatu ya kihisi inakaa bila kazi, na hata kwa jicho 25 inapitisha asilimia kama 14 tu ya mwanga. Ndiyo chenga zako hizo. Lakini ligeuze jambo lenyewe uone: kama filta zimo ndani, basi picha nyekundu, ya kijani na ya bluu za Ijumaa unazo. Chukua picha yako iliyokwisha kurundikwa (fremu nyingi zilizounganishwa kuwa moja), igawe chaneli tatu, uitazame kila moja ikiwa nyeusi-na-nyeupe. Usinunue hata msumari kabla hujafanya hivyo.

Filta ni kuchagua unachotaka kukosa. Miaka ya themanini nilipanda Riat mara tatu nikitaka kupiga Ghuba ya Winam na Mlima Homa ng'ambo. Januari kama hii, vumbi na moshi wa mashamba. Bila filta Homa haipo, pametanda weupe mtupu. Mara ya tatu nikafunga 25, nikazidisha mwanga mara nane kama inavyotakiwa, na mlima ukatokea. Hapo nilijiona fundi. Baadaye sana nikaja kujua kwamba mwaka 1924 Mmarekani mmoja, William Wright wa kituo cha Lick kule California, alikuwa amefanya mchezo huo huo kwa Mirihi. Akiwa mlimani alipiga picha ya mji wa San Jose kwa mwanga wa urujuani, mji ukafutika, ukungu tu. Kwa infraredi mji ukarudi. Akaigeukia Mirihi kwa njia hiyo: infraredi ikampa madoa ya ardhini, urujuani ukampa hewa na mawingu yake. Sayari moja, picha mbili ambazo ungedhani ni za sayari mbili.

Swali langu kwako, na ndilo muhimu kuliko filta zote: Mshtarii mwezi huu inapita kaskazini ya utosi, kwako kimo cha nyuzi 68 hivi. Ukiwa pale kwenye tangi lako, mabati ya nyumba yako upande gani? Na darubini huitoa nje saa ngapi?

KijanaLurambi
Jumanne 13 Januari, saa 7:15 mchana

Mzee nimesoma mara mbili, asante. Nami niulize, samahani Mwalimu kwa kuingilia. Niko Kakamega, nina darubini ndogo ya lenzi, milimita 70, napiga kwa simu kupitia lenzi ya kuchungulia. Mwezi na Mshtarii vyote vina ukingo wa zambarau, kama vimepakwa wino. Filta gani inaondoa hiyo? Na je, hiyo nyekundu ikishikwa mbili pamoja inaweza kutazamia Jua? Kuna jamaa ameniambia inatosha.

FundiLanet
Jumanne 13 Januari, saa 1:30 usiku

Mzee nakuheshimu, lakini hukuigusa infraredi ya kupitisha. Mawimbi marefu hayasumbuliwi sana na hewa inayotikisika. Usiku ambao Mshtarii inachemka kama maji ya ugali, nafunga 685 na picha inatulia. Nina video mbili za usiku mmoja, dakika kumi kati yake, ya rangi ni uji na ya 685 ina mikanda sita. Halafu kwenye infraredi ya mbali, kuanzia kama nanomita 800 kwenda mbele, pikseli zote za kamera ya rangi zinaona karibu sawa, kwa hiyo hata ile hoja ya robo tatu bila kazi inakufa.

Na Mwalimu ataje anachokihitaji: picha kali au picha ya rangi?

StudioYaZamani
Jumatano 14 Januari, saa 12:20 asubuhi

Nianze na kijana wa Kakamega kwa sababu la Jua halingoji. HAPANA. Si mbili, si kumi. Umeona hapo juu kwamba vioo hivi vya rangi vinapitisha infraredi. Ukipunguza mwanga unaoonekana, mboni inapanuka kwa kudhani ni giza, na joto lote linaingia ndani. Retina haina maumivu, utajua umeungua baada ya kuungua. Jua linahitaji filta maalumu ya Jua inayofunika mdomo wa mbele wa darubini, si kitu cha kufungwa kwenye lenzi ya kuchungulia. Huyo jamaa yako mwambie mimi nimesema.

Zambarau yako ni tabia ya lenzi za bei yetu: bluu na urujuani hazikutani na rangi nyingine mahali pamoja. Njano hafifu nambari 8 inakata sehemu ya hiyo. Nambari 12 inakata zaidi lakini Mwezi utakuwa kama kiini cha yai. Kwa picha haidhuru, igeuze nyeusi-na-nyeupe. Kijani 58 pia inatoa picha kali kwa lenzi kama hiyo, ila kwa milimita 70 giza lake utalisikia.

Fundi, la kutulia nakubali, na kwa Mwezi nafanya hivyo hivyo. Lakini fanya hesabu ya kioo chenyewe. Milimita 150 kwa mwanga wa kijani, nanomita 550, inatenganisha vitu vilivyoachana kwa sekunde 0.92 za tao (sekunde ya tao ni nyuzi moja igawanywe kwa 3,600). Kwa 750 ukali unashuka, vitu lazima viachane kwa 1.26. Umenunua utulivu kwa kuuza zaidi ya robo ya ukali wako. Usiku wa uji ni biashara nzuri, maana huo ukali ungeliwa na hewa. Usiku mzuri ni hasara. Na Doa kwenye infraredi haliwi jeusi, kwa hiyo Mwalimu, ambaye amekuja hapa kwa ajili ya Doa, hatapata alichofuata. 685 aiweke akilini kwa ajili ya Mirihi. Sasa hivi Mirihi iko nyuma ya Jua, lakini Februari 2027 itakuwa kinyume na Jua na madoa yake ya ardhini ndiyo hasa chakula cha filta hiyo.

Monokromu ninayo. Nina gurudumu la filta alilonikatia fundi wa jua kali kutoka kwenye bati la alumini, linageuka kwa kidole na linalia kama mlango wa kanisa. Utamu upo, lakini mtu asikudanganye kuwa ni rahisi. Mshtarii inajizungusha kwa saa 9 na dakika 55. Ikiwa na upana wa sekunde 46 za tao kama mwezi huu, katikati yake inasogea karibu robo ya sekunde ya tao kila dakika. Ukipiga nyekundu, kijani na bluu moja baada ya nyingine, kwa darubini ya milimita 150 una kama dakika tatu za zote pamoja. Ukizidisha hapo, rangi zinakataa kukaa juu ya nyingine, labda uinyooshe kwa programu ya WinJUPOS. Na hapa kwetu unayafanya hayo huku wadudu wa ziwani wamefuata mwanga wa laptopu kama moshi. Wiki jana nimepiga nyekundu nzuri, kijani nzuri, na bluu yenye mguu wa mdudu.

HeroeKiamunyi
Jumapili 18 Januari, saa 2:45 usiku

Nimerudi. Kimya changu kilikuwa cha kusahihisha madaftari.

Rimoti kwanza. Alhamisi niliwapa wasichana wa klabu kamera, filta nne na rimoti ya televisheni ya chumba cha walimu (imerudishwa). Bluu: skrini ikapepesa. Kijani: ikapepesa pia! Hiyo sikuitarajia. Njano na nyekundu zote vilevile. Walipiga kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akaja. Mmoja akafunika rimoti kwa kiganja akasema nacho kinapitisha kidogo, tukabishana, tukakiacha. Tukafanya na leso, kama Mzee alivyosema. Somo la mwanga la muhula mzima limeishia kwenye leso hiyo.

Kisha chaneli. Nikafungua picha ya Ijumaa ile, isiyo na filta, fremu bora 800 kati ya 5,000 zilizorundikwa kwa programu ya AutoStakkert. Nikaigawa. Mzee, Doa lipo. Kwenye chaneli ya bluu limekaa kama jicho la ng'ombe, na kibonde cheupe kimelizunguka ambacho sikuwahi kukiona. Kwenye nyekundu Doa limepotea kabisa, lakini kingo za mikanda ni kali kuliko zote, mpaka nikadhani nimefungua faili ya mtu mwingine. Bluu ndiyo yenye chenga na imelegea zaidi. Kwa hiyo kitu nilichokitafuta kwa elfu nne na mia tano kilikuwa kwenye diski tangu Ijumaa, nami nilikuwa nimekipaka maziwa.

Mabati. Hapo ulinishika. Nyumba iko kaskazini ya tangi, kwa hiyo Mshtarii ikifika kileleni naitazama moja kwa moja juu ya paa lililopikwa na jua tangu asubuhi, na joto lake linaitikisa hewa. Na darubini nilikuwa naitoa sebuleni dakika kumi kabla ya kupiga, kioo kikiwa bado na joto la nyumba. Juzi nimeihamishia kwenye nyasi upande wa pili, mbele ya nyumba, nikaitoa saa mbili usiku, nikaiacha peke yake na mbwa mpaka saa sita. Hakuna filta niliyofunga. Sayari ilitetemeka kidogo tu, na kwa mara ya kwanza mikanda midogo ya kaskazini nimeihesabu kwenye skrini wakati video inaendelea, si baada ya kurundika. Fundi, uji wangu nusu yake ulikuwa paa langu mwenyewe. Ila 685 nimeiandika kwenye daftari kwa ajili ya Mirihi.

Ile ya kukata infraredi nimeagiza, nitalipa mara mbili.

Bluu siiuzi. Jumamosi wasichana sita walikuja na mama mlezi wao, nikaifunga kwenye lenzi ya kuchungulia badala ya kamera. Ni nzito, sayari inafifia, na Mzee nadhani utasema 80A, bluu iliyo hafifu zaidi, ingefaa zaidi kwa kioo changu. Lakini wanne kati ya sita waliliona Doa bila kuonyeshwa. Wa tano akasema ameliona kwa sababu wenzake wameliona. Wa sita hakusema kitu, akatoa filta, akatazama, akairudisha, akatoa tena, kisha akaniuliza: "Mwalimu, sasa rangi yake ya kweli ni ipi?" Hiyo ndiyo "sijui" yangu ya wiki hii.

KijanaLurambi, lenzi zako za kuchungulia ni za inchi moja na robo? Kama ndiyo, hii njano 12 haina kazi kwangu.

StudioYaZamani
Jumapili 18 Januari, saa 3:20 usiku

80A, ndiyo. Inapitisha karibu mara mbili ya 38A.

Huyo wa sita mlete Kisumu likizo ya Aprili na mwenzake mmoja au wawili, na mama mlezi. Nitamwonyesha monokromu na ajibiwe na gurudumu. Ile chaneli yako nyekundu itumie kama mwangaza wa picha nzima, rangi uziache ziwe laini, jicho halidai ukali kwenye rangi. Tulikuwa tukipaka picha za harusi rangi kwa mkono kwa njia hiyo hiyo.

KijanaLurambi
Jumapili 18 Januari, saa 3:41 usiku

Ni inchi moja na robo Mwalimu, nimepima kwa rula. Asante sana.

HeroeKiamunyi
Jumapili 18 Januari, saa 3:50 usiku

Imefungwa kwa soksi ya mtoto ndani ya kopo la majani ya chai. Kesho asubuhi naiweka kwa matatu ya Kakamega. Namba ya gari nitakutumia kwa ujumbe wa faragha.

KijanaLurambi
Jumapili 18 Januari, saa 3:52 usiku

Nitakuwa steji kuanzia saa saba. Kuna mawingu lakini nitakuwa hapo.